Kompyuta za ofisi zachelewa kufunguka asubuhi: romingi, folda za seva, FSLogix ama OneDrive, uchukue gani?

Hii naiandikia watu wa IT wa zile ofisi za kawaida hapa Mombasa, kampuni za kliaringi, vyuo, sako, hospitali ndogo, mahali kuna seva moja ya Windows imefungiwa kachumba, kuna domeini (akaunti na kompyuta zote zasimamiwa na seva), kompyuta kati ya ishirini na mia hivi, na profaili za romingi (faili na setingi za mtu zakaa seva zimfuate kila mashine anayologini) ambazo mtu aliziwasha miaka hiyo akaondoka zake. Kila saa mbili asubuhi simu ni ile ile, "mwanangu hebu njoo, hii mashine yazunguka tu haifunguki." Njia za kutatua ziko kadhaa na watu wanazichanganya sana, mtu anasikia FSLogix (programu ya Microsoft ya kuweka profaili ndani ya faili moja) iko fasta anaibandika kwenye kompyuta za mezani, mwengine anahamisha AppData nzima (folda ambamo programu zaweka setingi na data zake za mtu) hadi seva halafu programu zinaanza kuganda siku nzima, kwa hivyo nataka nizipitie zote nizilinganishe niseme ipi yamfaa nani. Msimamo wangu nausema hapa juu kabisa: ofisi nyingi za hapa hazihitaji romingi hata kidogo manake watu wao hawahami viti, na zile chache zinazoihitaji, zinaihitaji ikiwa nyembamba.

Kwanza hakikisha ni profaili kweli

Tengeneza akaunti mpya ya majaribio kwenye domeini, usiiwekee njia ya profaili, ilogini kwenye mashine ile ile inayolalamikiwa. Mara ya kwanza usiihesabu juu Windows inatengeneza profaili mpya na kusajili zile app zake, toka, ingia tena, hiyo ya pili ndio uipime. Ikifunguka chapchap na mwenye mashine yake akiingia hapo hapo anakaa dakika nne, basi mkosaji ni profaili. Ikichelewa pia hiyo, weka profaili kando uangalie mengine.

Na hayo mengine nimeyaona sana. La kwanza ni DNS, ile inayogeuza majina kuwa anwani, unapata kompyuta za domeini zimepewa 8.8.8.8 (DNS ya Google) ama anwani ya ruta badala ya anwani ya domeini kontrola, yaani seva inayosimamia domeini, mashine inatafuta kontrola haipati, inangoja mpaka ichoke. Kompyuta ya domeini iulize DNS ya domeini tu, mambo ya intaneti hiyo DNS ya domeini itayapeleka mbele yenyewe. La pili ni printa na draivu za mtandao zilizowekwa na Group Policy (sera ambazo seva yazituma kwa kompyuta zote) zikielekea seva ambayo ilishazimwa, kila logini yagonga mlango wa nyumba isiyo na mtu. Futa hizo.

Kupima vizuri ingia Event Viewer, kwenye kumbukumbu za uendeshaji za Group Policy tafuta tukio namba 8001, linakwambia sera za mtumiaji zimechukua sekunde ngapi wakati wa kulogini. Halafu nenda zile za User Profile Service, tukio namba 1 ni pale imepokea habari ya mtu kulogini na namba 2 ni pale imemaliza, tofauti ya saa kati ya hayo mawili ndio muda profaili imekula. Ukiwa na hizo namba mbili hutabishana na mtu tena.

Na waya usisahau. Kompyuta nyingi zina kadi ya gigabiti lakini zinafanya kazi kwa 100 Mbps juu fundi alikrimpu jozi mbili tu za waya, na gigabiti yataka jozi zote nne, ama kompyuta imepitishiwa kwenye simu ya mezani ya IP ambayo tundu lake la nyuma mwisho wake ni 100. Angalia taa za swichi ama spidi ya kadi ndani ya Windows. Hii haina gharama na yaweza kukupunguzia muda kwa kiasi kikubwa kabla hujagusa sera yoyote.

Romingi yafanya nini hasa

Mtu akilogini, Windows yaenda kwenye sheya ya seva (folda iliyofunguliwa kwa mtandao), yafungua folda yake, yalinganisha na iliyoko kwenye mashine, kila kilichobadilika kinakopiwa kuja C:\Users ndio afunguliwe. Akitoka inarudisha vile vile. Ndani kuna NTUSER.DAT ambayo ndio rejista yake huyo mtu, kuna AppData\Roaming, na kama folda hujazielekeza kwengine basi Desktop, Documents, Downloads na Pictures zote zasafiri naye. AppData\Local na LocalLow hazisafiri. Yaani ni kama kuhama nyumba kila asubuhi na kurudi kila jioni na vyombo vyote.

Sasa piga hesabu. Waya wa 100 Mbps ukiwa mzuri wapitisha kama MB 11 kwa sekunde. Profaili ya GB 2 ikitoka yote seva ni dakika tatu, na huyo ni mtu mmoja peke yake. Watu ishirini wakiingia pamoja na GB 2 kila mmoja ni GB 40, seva yenye gigabiti moja inasukuma kama MB 110 kwa sekunde, hapo ni dakika sita waya wa seva ukiwa umejaa pomoni. Na hiyo ni hesabu ya faili kubwa kubwa. Profaili ya ukweli ni maelfu ya vifaili vidogo, kila kimoja kifunguliwe, ruhusa zicheckiwe, kifungwe, antivairasi ichungulie huku na kule, na diski ya kuzunguka ya 7200 ikipewa kazi za kurukaruka hivyo haipiti kama kazi mia moja kwa sekunde. Ndio maana unaangalia mtandao hata haujajaa lakini watu bado wanangoja, diski ndio imekufa. Kama sheya yako ya profaili bado iko kwenye diski ya kuzunguka, ihamishie SSD, mimi naona hiyo ndio pesa ndogo inayoleta matunda makubwa kuliko zote.

Njia ya kwanza: romingi ibaki lakini ikondeshwe

Chukua WizTree ama TreeSize uangalie folda moja nzito pale seva. Mara nyingi utakuta ni vitu ambavyo hakuna binadamu anayevihitaji vimfuate. Teams ile ya zamani ilikuwa inaweka kache yake AppData\Roaming\Microsoft\Teams, na hata kama mmehamia Teams mpya lile folda la zamani bado limekaa pale laenda na kurudi kila siku. Zoom ikiwekwa na mtumiaji mwenyewe yajisakinisha ndani ya AppData\Roaming\Zoom, programu nzima hiyo. Spotify vile vile. Firefox yaweka profaili yake Roaming, hiyo angalau ina maana juu ni alamisho zake na paswadi. Chrome iko Local kwa hivyo haisafiri, ndio watu wanalalamika alamisho zao hazikuwafuata.

Kwenye sera za User Profiles upande wa mtumiaji kuna ya kutaja folda zisizosafiri, unaziandika zikitenganishwa na nukta mkato. Weka Downloads hapo, weka hizo za Teams na Zoom na Spotify. Lakini waambie watu kabla, manake mtu alizoea kuacha PDF ya bili ya shehena pale Downloads akiikuta mashine nyingine, siku asiipate utasikia kelele.

Kuna sera mbili ambazo watu waziwasha wakidhani ni dawa. Moja ni ya kuweka kikomo cha ukubwa wa profaili. Tangu Windows Vista, mtu akipita kikomo Windows inamwachia atoke kawaida lakini profaili yake haipandishwi seva, kwa hivyo anafanya kazi siku nzima, kesho akikaa kiti kingine kazi ya jana haiko. Mimi siiweki mahali popote. Ya pili ni ile ya kufuta nakala inayobaki kwenye mashine mtu akishatoka. Ni nzuri kwa usiri na kwa diski ndogo, ila ujue unalipa bei yake: nakala ikiwepo Windows inaleta yaliyobadilika tu, nakala ikifutwa inaleta profaili yote upya kila siku, na zaidi ya hapo AppData\Local nayo imeenda, so zile app za Windows zasajiliwa upya kama ni mtumiaji mgeni. Ofisi nyingine nimekuta hiyo sera moja ndio ilikuwa shida yote. Kama unahofia diski kujaa, tumia ile nyingine inayofuta profaili ambazo hazijaguswa kwa siku kadhaa mashine ikiwashwa upya, weka thelathini ama sitini, wale wa kila siku wanabaki na nakala zao.

Lingine, hakikisha sheya ya profaili imezimwa faili za ofulaini, profaili ina namna yake ya kusawazisha na hizo mbili zikikutana zagongana.

Ubaya wa romingi ambao hata ukiikondesha hauondoki: mtu akiwa ameingia kwenye mashine mbili, rejista ya ile anayotoka mwisho ndio inashinda. Na stima ikipotea mtu akiwa anatoka, pale faili zinapanda seva, unaweza kupata profaili nusu nusu, kesho anaingia anapewa ya muda, Desktop tupu, moyo unamruka. Kwa hali yetu ya stima hapa Pwani, kama seva na swichi haziko kwenye UPS, hili lihesabie.

Njia ya pili: kuelekeza folda zikae seva moja kwa moja

Hapa Documents na Desktop hazikopiwi kabisa, Windows inaambiwa tu kwamba folda hizi ziko \\seva\watu\jina, mtu akifungua faili ndio faili hiyo moja inakuja. Logini haibebi uzito wake. Ukilinganisha na ile ya kwanza ni hivi: kukondesha kunapunguza mzigo unaosafiri, kuelekeza kunautoa njiani. Mwenye Documents ya GB 8 hakuna kukondesha kutakomsaidia, huyo ni wa kuelekeza.

Ubaya wake ni kwamba gharama ya asubuhi umeisambaza siku nzima. Seva ikilala, watu wote Desktop imepotea, si wale wanaologini peke yao. Na hapa ndio watu wakosea sana, Group Policy yakuruhusu kuelekeza folda kumi na tatu pamoja na AppData\Roaming, mtu anaweka tiki zote. Usiielekeze AppData. Programu zaiandika na kuisoma kila dakika, ukiipeleka upande wa pili wa waya kila programu itakuwa nzito na hutajua ni kwa nini. Documents, Desktop, Pictures na pengine Favorites, zatosha.

Mara ya kwanza ukiwasha, logini itakuwa ndefu kuliko zote juu Windows inahamisha faili za mtu kwenda seva. Fanya kwa vikundi, idara moja Ijumaa jioni, nyingine wiki ijayo. Ukiwasha ofisi nzima kwa pamoja Jumatatu utakosana na bosi. Na ile alama ya kumpa mtumiaji haki peke yake juu ya folda, itoe mapema, la sivyo wewe mwenyewe huwezi kuingia kumsaidia.

Faili za ofulaini zajiwasha zenyewe kwa folda zilizoelekezwa. Kwa laptopu ni neema, mtu anaenda bandarini ama nyumbani na faili zake anazo. Kwa kompyuta ya mezani isiyotoka ofisini naizima, hakuna faida, kuna ugomvi wa kusawazisha tu.

Na PST, ile faili ya Outlook ya kuhifadhi barua. Outlook ya watu wengi imeweka PST ndani ya Documents\Outlook Files, ya GB kadhaa. Ikiwa romingi kavu hiyo ndio inayokuua asubuhi, kila Outlook ikifunguliwa faili yabadilika tarehe na yakopiwa yote. Ukielekeza Documents, sasa PST inafunguliwa kupitia mtandao, jambo ambalo Microsoft haiungi mkono na faili zaharibika. Itoe kwanza uiweke kwenye diski ya mashine na uipangie bakapu yake, ama uingize barua kwenye sanduku la seva, ndio uendelee. OST, nakala ya sanduku la seva, haina shida hiyo, iko Local.

Njia ya tatu: achana na romingi, profaili zibaki kwenye mashine

Hii ndio naipenda kwa ofisi nyingi na ndio watu hawaifikirii, labda wanaona ni kurudi nyuma. Jiulize swali moja, ni wangapi hapa ofisini wiki iliyopita walikaa kwenye kompyuta isiyo yao? Kampuni ya kliaringi, yule wa dokumentesheni ana meza yake, wa akaunti ana yake na printa yake, mkurugenzi ana laptopu. Hao wote wabebewa profaili kwenda na kurudi seva kila siku ili waikute palepale walipoiacha. Toa romingi, elekeza Documents na Desktop kwenda seva ili bakapu ibaki mahali pamoja, na logini inakuwa ya mashine yenyewe, sekunde chache kama ina SSD. Anachokosa mtu siku akihama kiti ni picha ya nyuma, mpangilio wa Outlook, saini, vitu vya hivyo. Faili zake zote atazikuta. Kwangu mimi hiyo bei ni ndogo mno ukiilinganisha na kungoja kila asubuhi mwaka mzima.

Anayepinga husema, je mashine ikifa? Na mimi nasema mashine ikifa unampa nyingine, faili ziko seva, setingi unampangia kwa nusu saa. Hilo latokea mara moja moja. Kuchelewa kulikuwa ni kila siku.

Njia ya nne: FSLogix

FSLogix Microsoft waliinunua mwaka 2018, na kazi yake ni nzuri kweli pale inapofaa. Badala ya kukopi vifaili maelfu, profaili nzima inakaa ndani ya faili moja ya VHDX (faili ya diski bandia) kwenye sheya, mtu akilogini faili hiyo inabandikwa kama diski na Windows inaamini profaili iko hapo hapo. Hakuna kukopi, kwa hivyo profaili ya GB 1 na ya GB 15 zafunguka karibu sawa. AppData\Local nayo imo ndani, ina maana kache ya Outlook na Teams zamfuata mtu, kitu romingi haijawahi kuweza.

Lakini imetengenezwa kwa seva za rimoti desktopu (RDS, watu wafanyia kazi ndani ya seva yenyewe kwa mbali) na kompyuta za mtandaoni (virtual), mahali ambapo mashine ya kulogini na ghala la profaili ziko jirani ndani ya chumba kimoja kwa waya wa kasi. Kama ofisi yako watu wote wanaingia kwenye seva ya RDS kupitia vituo vyepesi, usisome zaidi, chukua hii, leseni ya RDS CAL inakupa haki ya kuitumia na baadhi ya leseni za Microsoft 365 pia. Ukiiweka kwa kompyuta hamsini za mezani ni hadithi nyingine: kila kinachoandikwa kwenye profaili ya kila mtu siku nzima kinapita waya kwenda seva, swichi ikizima mtu amekatwa diski akiwa kazini, na kwa kawaida VHDX moja yafunguliwa na mashine moja, mtu akiwa hajatoka kule mapokezi akienda kulogini ghorofa ya juu atapata tabu. Kila faili pia ina kikomo cha MB 30,000 usipobadilisha, na yapanuka polepole, zidisha kwa watu wako uone diski gani wahitaji.

Ukiilinganisha na romingi iliyokondeshwa kwenye RDS, FSLogix yashinda bila mjadala. Kwenye kompyuta za mezani naona romingi nyembamba yashinda juu ikishamaliza kukopi haikusumbui tena mpaka mtu atoke.

Njia ya tano: OneDrive

Hapa profaili ni ya mashine, na folda za Desktop, Documents na Pictures zapelekwa OneDrive ya mtu (hifadhi ya Microsoft ya mtandaoni) kwa sera, yeye mwenyewe habonyezi kitu. Faili zaonekana zote lakini zashuka pale anapozifungua. Kwa logini hii ni nyepesi kabisa, hakuna kinachongoja seva ya ofisi, na kwa mwenye tawi Mtwapa, tawi Voi na watu wanaofanya kazi nyumbani Bamburi hakuna njia nyingine inayokaribia. Tena kompyuta zilizojiunga na Entra (huduma ya Microsoft ya akaunti za mtandaoni) peke yake, bila domeini ya ofisini, romingi ya kizamani haiko kwao kabisa.

Kinachouma ni mwanzo. Watu thelathini wenye GB 10 kila mmoja ni GB 300, laini yako ikipandisha 20 Mbps hizo ni zaidi ya saa thelathini laini ikiwa imejaa mfululizo na hakuna anayefanya kitu kingine. Weka sera ya kupunguza kasi ya kupandisha, anza na watu wachache, acha usiku kucha. Kebo za baharini zatua hapa hapa Mombasa, lakini laini unayonunua ndio inayohesabika, na kebo zenyewe hukatika, Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika Afrika Mashariki nzima ilihisi. Siku kama hiyo watu watalogini vizuri tu na faili walizofungua karibuni ziko kwenye diski, ila zile ambazo hazijawahi kushuka zitangoja. Kwa wale wa nyaraka za mizigo, mwambie abonyeze folda za mwezi huu azilazimishe zibaki kwenye mashine.

Kama Documents tayari imeelekezwa seva, OneDrive haitaichukua mpaka utoe hiyo sera kwanza. Hizi mbili hazikai nyumba moja, chagua. Na setingi za programu OneDrive haizibebi, ni faili tu, alamisho za brauza zisawazishe kwa akaunti ya Edge ama Chrome.

Nani achukue nini

Ofisi ya kliaringi, sako, ofisi ya mawakili, watu na meza zao: njia ya tatu, folda za seva. Mkiwa tayari mnalipia Microsoft 365 na laini ni nzuri, OneDrive badala ya seva, hasa kama bakapu ya seva yenu ni diski ya nje ambayo hakuna anayekumbuka kuichomeka.

Hospitali ama mapokezi ya hoteli za Nyali na Diani, watu wa shifti, kiti kimoja watu watatu na mtu mmoja viti vitatu: hawa ndio wenye haki ya romingi. Romingi iliyokondeshwa pamoja na Documents na Desktop kuelekezwa seva, zote mbili, usichukue moja. Nakala zibaki kwenye mashine. Lenga profaili chini ya MB 300, hiyo hata kwa waya wa 100 Mbps ni nusu dakika kwa siku ya kwanza, na siku zinazofuata ni chache zaidi juu ni mabadiliko tu. Na wale maofisa wachache wasiohama, kuna sera tangu Windows 8 na Server 2012 ya kusema romingi ishuke tu kwenye kompyuta kuu ya mtu, hata akiingia kwengine kwa dakika mbili kuchapisha kitu asikokotewe mzigo wote.

Maabara ya chuo, wanafunzi mia nne kwenye kompyuta arobaini: usimpe kila mmoja romingi, utazika seva. Tengeneza profaili moja safi, NTUSER.DAT uibadilishe jina iwe NTUSER.MAN, wote wapate hiyo, kila mtu akitoka mabadiliko yake yanatupwa, faili zake zikae kwenye folda ya seva yenye kikomo. Toa pia zile app za Windows zisizotakiwa kutoka kwenye mashine kabla ya kuisambaza, manake kila mwanafunzi mpya kwenye mashine mpya anasajiliwa app zote hizo na yeye anangoja.

Tawi la mbali linalologini kupitia VPN hadi seva ya hapa mjini: romingi hapana kabisa. Windows yaihesabu laini iliyo chini ya 500 Kbps kuwa ya polepole na kutumia nakala ya mashine, lakini VPN ya 5 Mbps yapita hicho kipimo na bado ni mateso, MB 300 hapo ni dakika nane. OneDrive, ama RDS yenye FSLogix na tawi liingie kwa rimoti.

Ukiamua kutoa romingi, mfumo wa kuitoa ni huu. Hakikisha mtu ameingia kwenye mashine yake ya kudumu na kutoka vizuri, elekeza folda zake kwanza ungoje zihamie zote, halafu futa njia ya profaili kwenye akaunti yake pale Active Directory, ile orodha ya akaunti za domeini. Akiingia tena Windows itatumia nakala iliyopo kwenye mashine, hatapoteza mandhari wala chochote. Ile sera ya kufuta nakala, izime kabla ya hatua hii, la sivyo utafuta ulichotaka kubakisha. Folda yake ya zamani seva usiiguse kwa mwezi mzima.

Mkiwa mnahama Windows 10 kwenda Windows 11 sai, kwa vile msaada wa 10 uliisha 14 Oktoba 2025, huo ndio wakati wa kufanya haya, mashine zaguswa moja moja hata hivyo. Folda za profaili pale seva zina mkia unaoonyesha toleo, .V2 ni za Windows 7, .V6 ni za Windows 10 tangu toleo la 1607, na Windows 11 yaendelea na hiyo hiyo .V6, kwa hivyo kama mmebaki na romingi uzito wote wa zamani utawafuata kwenye mashine mpya, ikondeshe kabla hujahamisha mtu wa kwanza. Zile za .V2 kama hakuna Windows 7 iliyobaki hata moja ofisini, ziweke kwenye bakapu uzitoe, kuna seva zimejaa kwa ajili ya folda za watu walioacha kazi zamani.